Lokesheni ikizimwa katikati ya kazi, programu itajuaje?

Swali. Assalamu alaykum. Tunatengeneza programu ya Android, kwa Kotlin, ya kuandikisha mashamba ya mikarafuu katika shehia (maeneo madogo ya utawala) za Wete na Micheweni, Pemba. Muandikishaji anafika shambani, anaandika jina la mwenye shamba na idadi ya miti, anabonyeza Hifadhi, na programu inachukua nukta ya ramani. Tatizo ni kwamba mtu akizima lokesheni katikati ya kazi, programu haijui. Siku moja tumekuta mashamba 14 yote yana nukta ile ile. Nimeweka mpokezi wa matangazo ya mfumo (sehemu ya msimbo inayosikiliza taarifa za Android) kwenye manifesti (faili la kuitambulisha programu kwa mfumo) lakini haitwi kabisa. Tena kuna mashamba mengine yameangukia baharini, na muandikishaji anaapa kuwa lokesheni ilikuwa imewaka. Nifanye nini ili programu ijue pale pale mipangilio ya lokesheni inapobadilika? (Msomaji, Wete)

Jibu. Waalaykum salaam, ndugu yangu. Swali umeuliza moja, lakini matatizo yako ni matatu na kila moja lina chanzo chake. Tuanze na yale mashamba 14, kwa sababu kosa lililopo hapo litabaki hata siku programu yako itakapojua kuwa swichi imezimwa.

Lokesheni ya Android ikizimwa, mfumo unafuta nukta ya mwisho iliyokuwa kwenye akiba yake. Ukiita `getLastLocation` wakati swichi imezimwa unarudishiwa null (yaani hakuna kitu), hata kama dakika moja kabla kulikuwa na nukta nzuri kabisa. Kwa hiyo nukta iliyojirudia mara 14 haikutoka kwenye mfumo wa simu. Imetoka kwenye kigeu (mahali msimbo unapohifadhi thamani) cha programu yako mwenyewe. Bila shaka mpango wako uko hivi: `onLocationResult`, inayoitwa kila nukta mpya inapofika, inajaza kigeu, kitufe cha Hifadhi kinakisoma, na hakuna mahali popote panapokifuta. Swichi ikizimwa, `onLocationResult` haileti kosa wala haileti null. Inaacha kuitwa, basi. Kigeu kinabaki na nukta ya shamba la kwanza mpaka jua linatua, na kila anayebonyeza Hifadhi anapewa hiyo hiyo.

Kwa hiyo kugundua swichi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kila nukta kuwa na umri unaojulikana, na nukta iliyochakaa kukataliwa bila kujali swichi inasema nini. Nitalirudia hili mbele, maana ndilo litakalookoa data yako pale njia nyingine zote zitakaposhindwa.

Kwa nini mpokezi wa kwenye manifesti haitwi

Tangazo unalolitaka ni `LocationManager.PROVIDERS_CHANGED_ACTION`. Tangu Android 8.0, ya mwaka 2017, programu inayolenga API 26 (namba ya toleo hilo kwa watengenezaji) kwenda juu haipelekewi matangazo ya jumla ya namna hii kupitia manifesti, isipokuwa yale machache yaliyosamehewa, kama la simu kumaliza kuwaka. Hukukosea herufi yoyote. Android iliufunga mlango huo kwa sababu tangazo moja lilikuwa linaamsha programu nyingi kwa mpigo na kumaliza chaji. Dawa ni kumsajili mpokezi ndani ya msimbo, wakati skrini yako iko mbele ya mtumiaji:

```kotlin
private val mpokezi = object : BroadcastReceiver() {
    override fun onReceive(c: Context, i: Intent) {
        somaHali()
    }
}

override fun onStart() {
    super.onStart()
    ContextCompat.registerReceiver(
        this, mpokezi,
        IntentFilter(LocationManager.PROVIDERS_CHANGED_ACTION),
        ContextCompat.RECEIVER_NOT_EXPORTED
    )
    somaHali()
}

override fun onStop() {
    unregisterReceiver(mpokezi)
    super.onStop()
}

private fun somaHali() {
    val lm = getSystemService(LocationManager::class.java)
    val imewaka = LocationManagerCompat.isLocationEnabled(lm)
    if (!imewaka) nuktaYaMwisho = null
    kitufeHifadhi.isEnabled = imewaka && nuktaNiMbichi()
    ujumbeLokesheni.isVisible = !imewaka
}
```

Angalia mambo mawili humo. La kwanza, `somaHali()` inaitwa pia ndani ya `onStart` (inayoitwa skrini inapokuja mbele), mara tu baada ya kusajili. Tangazo hili halihifadhiwi kwa ajili ya anayechelewa: swichi ikizimwa wakati programu yako iko nyuma, ukirudi hakuna atakayekuambia kilichotokea. Ni lazima uulize mwenyewe. Wengi wanaruka mstari huo mmoja, kisha wanalalamika kuwa mpokezi "mara anafanya kazi, mara hafanyi".

La pili, ndani ya `onReceive` sijajaribu kukisia swichi imeelekea wapi. Mtu akivuta pazia la juu la skrini na kugusa alama ya lokesheni mara moja, tangazo linaweza kufika mara mbili au tatu mfululizo, moja kwa kila chanzo: cha setilaiti, cha mtandao, na kile kinachochanganya vyote. Aliyeandika msimbo wa "tangazo likija, geuza hali" atajikuta na hali iliyopinduka. Soma hali halisi kila tangazo linapokuja, na matangazo hata yakija kumi jibu litabaki moja.

`LocationManagerCompat` nimeichagua kwa sababu `isLocationEnabled()` ya mfumo wenyewe imeanza Android 9. Simu za zamani zilikuwa na hali tatu za lokesheni badala ya kuwaka na kuzima tu, na maktaba ya AndroidX, iliko `LocationManagerCompat`, inakubebea tofauti hiyo.

Kama unatumia `LocationListener` ya kawaida badala ya huduma za Google, una njia nyingine: `onProviderDisabled` na `onProviderEnabled`. Zinafanya kazi vizuri, lakini zina mtego unaoangusha programu kwenye simu za zamani peke yake, kwa hiyo hutauona kwenye simu yako mpya. Kwenye vifaa vya sasa vya kutengenezea programu (SDK), mbinu hizo zina mwili tupu uliokwisha kuandikwa, na Kotlin inakuruhusu uandike `onLocationChanged` tu. Kwenye simu za kabla ya Android 11 mwili huo haumo. Mtumiaji akizima lokesheni, mfumo unaiita `onProviderDisabled`, hauikuti, na programu inaanguka kwa `AbstractMethodError`. Andika mbinu zote nne mwenyewe, hata kama ni mabano matupu, au tumia `LocationListenerCompat`. Ukikuta ripoti za kuanguka zinatoka simu za bei nafuu tu, na zimeanza siku ulipopandisha `compileSdk` (toleo la SDK la kujengea programu), tazama hapo kwanza.

Ruhusa ni jambo jengine, na mlango wake ni mwengine

Swichi kuu ni ya simu nzima. Ruhusa ni ya programu yako peke yake, na ikibadilika hakuna tangazo la mfumo utakaloletewa. Mtumiaji akiingia kwenye mipangilio na kuiondoa ruhusa ya lokesheni, Android inaua mchakato wa programu yako hapo hapo. Hupati hata nafasi ya kuaga. Akirudi, programu inaanza upya na huenda ikarudishwa kwenye skrini ile ile aliyoiacha. Mtu anaona fomu yake kama alivyoiacha, kumbe vigeu vyote vilivyokuwa kwenye kumbukumbu vimefutika.

Kwa kazi yako hilo lina uzito wa pekee. Muandikishaji amekwisha andika jina la mkulima na kuhesabu miti 60, anakwenda kwenye mipangilio kurekebisha ruhusa kama ulivyomwelekeza, anarudi, idadi imepotea. Weka fomu kwenye `SavedStateHandle`, hifadhi inayobaki hata mchakato ukiuawa, au bora zaidi, iandike kwenye hifadhidata ya ndani ya simu kama rasimu kila sehemu inapojazwa. Hasara ya kumrudisha mtu akahesabu tena miti 60 ni kubwa kuliko mistari kumi ya msimbo.

Kwa hiyo ruhusa haisubiriwi, inaulizwa. Kila `onStart`, ita `checkSelfPermission`. Sababu za kubadilika kwake bila mtu kuingia kwenye mipangilio zipo mbili, na zote zimeanza Android 11 mwaka 2020. Moja ni chaguo la "mara hii tu". Aliyelichagua asubuhi, akaiweka programu nyuma akashughulika na mengine, akirudi anakuta ruhusa imekwisha. Ya pili ni kwamba programu isiyotumika kwa miezi kadhaa inanyang'anywa ruhusa zake na mfumo wenyewe. Yako ni programu ya msimu: mavuno ya karafuu yakipita, simu zinawekwa, na msimu ukirudi kila muandikishaji ataanza bila ruhusa. Siku ya kwanza ya kazi tenga muda wa kuifungua programu kwenye kila simu kabla watu hawajatawanyika.

Akikataa ruhusa mara mbili, kwenye Android 11 kwenda juu kisanduku cha kuomba hakitokei tena hata ukikiita. Msimbo wako utaendelea kupewa jibu la "amekataa" kimya kimya. Hapo kilichobaki ni kumwonesha maelezo mafupi na kitufe kinachofungua ukurasa wa programu yako kwenye mipangilio, kwa `ACTION_APPLICATION_DETAILS_SETTINGS`.

Yale mashamba yaliyoangukia baharini

Muandikishaji wako anaweza kuwa anasema kweli tupu. Tangu Android 12, ya 2021, kisanduku cha ruhusa kina picha mbili: lokesheni halisi na lokesheni ya kukadiria. Akigusa ile ya kukadiria, swichi kuu imewaka, ruhusa ipo, nukta zinakuja, lakini mfumo unazisogeza kwa makusudi ili programu ijue mtaa tu, isijue mlango. Android inakadiria eneo hilo kuwa kama kilomita 3 za mraba. Kwa kulinganisha, Mji Mkongwe mzima, kama ulivyoorodheshwa kwenye Urithi wa Dunia, ni hekta 96, yaani hata kilomita moja ya mraba haujafika. Sasa chukua kisiwa chenye hori nyingi kama Pemba, ambako shamba na mkoko vinapakana, kisha sogeza nukta kilomita moja. Inaanguka majini, au inaingia shehia ya jirani. Hii ya shehia ya jirani ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kwenye ramani inaonekana sawa na hakuna atakayeishtukia.

Kuigundua ni rahisi. Kama `ACCESS_COARSE_LOCATION` imekubaliwa na `ACCESS_FINE_LOCATION` imekataliwa, umepewa ya kukadiria. Kwenye nukta yenyewe utaona dalili pia: `getAccuracy()` itasema mita zipatazo 2,000 badala ya 5 au 12. Mtumiaji akishusha ruhusa kutoka halisi kwenda kukadiria akiwa kwenye mipangilio, mchakato wako unauliwa vile vile kama alivyoiondoa yote.

Unapoomba, omba zote mbili kwa pamoja. Ukiomba `FINE` peke yake kwenye programu inayolenga API 31 (Android 12) au zaidi, baadhi ya matoleo ya Android 12 yanalipuuza ombi lako lote. Ukigundua kuwa umepewa ya kukadiria, mueleze mtu kwanza kwa nini unataka halisi, kisha omba tena zote mbili. Mfumo utamwonesha chaguo la kupandisha. Sentensi kama "Bila lokesheni halisi shamba litaandikwa kwenye shehia isiyo yake" inaeleweka na kila mtu. "Programu inahitaji usahihi wa juu" haimwambii mtu kitu.

Kuiwasha tena

Programu ya kawaida haina uwezo wa kuiwasha swichi ya lokesheni yenyewe, na ni haki iwe hivyo: simu ni ya mwenyewe. Unachoweza ni kumuomba. Kwenye simu zenye huduma za Google, tengeneza `LocationSettingsRequest` kutokana na ombi lako la lokesheni, kisha ita `checkLocationSettings` ya `SettingsClient`. Mambo yakiwa sawa inafaulu. Kukiwa na kinachokosekana unapata `ResolvableApiException`, na ukiipeleka kwenye skrini kinatokea kisanduku kidogo cha kuwasha lokesheni bila mtu kutoka kwenye programu yako. Ukipata kosa lenye namba 8502, maana yake mipangilio haitoshi na kisanduku hakitaweza kuirekebisha. Mpeleke mtu kwenye ukurasa wa mipangilio. Simu isiyo na huduma za Google utaifungulia `ACTION_LOCATION_SOURCE_SETTINGS` moja kwa moja.

Akikataa, usimuoneshe kisanduku tena papo hapo. Ukikiweka ndani ya `somaHali()` utatengeneza mzunguko: anakataa, skrini inarudi, kinatokea, anakataa. Mtu anafikia kuizima programu. Kiite pale tu anapobonyeza kitufe mwenyewe.

Imewaka, lakini bado haioni

Hapa ndipo shamba la mikarafuu linapotofautiana na meza ya ofisini. Swichi ikirudi kuwaka, tangazo linakuja mara moja, ila nukta haiji mara moja. Setilaiti za GPS zinatuma taarifa zake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Taarifa ya njia ya setilaiti moja inarudiwa kila sekunde 30, na mpokezi wa simu anahitaji setilaiti nne kwa uchache ili ajue mahali kamili. Simu yenye bando inachukua taarifa hizo kwenye intaneti na kumaliza kwa sekunde chache. Simu isiyo na mtandao, ndani ya konde mbali na mnara, inazisubiri kutoka angani. Chini ya majani mazito ishara ikikatika katikati ya zile sekunde 30, inabidi kipande kilichokosekana kisubiriwe raundi nyingine. Dakika moja au mbili ni jambo la kawaida hapo, na tatu hazishangazi.

Kwa hiyo kwenye skrini kuwe na hali tatu, si mbili: "Lokesheni imezimwa", "Inatafuta setilaiti, toka kivulini", na "Tayari, usahihi mita 6". Asiyeona ile ya kati atadhani programu imeharibika. Atazima na kuwasha swichi, na kila akizima anaifuta akiba ya nukta na kuukata msako uliokuwa unaendelea.

Sasa ule umri. Kila `Location` ina `elapsedRealtimeNanos`, yaani muda, kwa nanosekunde, tangu simu iwashwe hadi nukta hiyo ilipochukuliwa. Toa hiyo kwenye `SystemClock.elapsedRealtimeNanos()` ya sasa, gawa kwa bilioni moja, na una sekunde. Usitumie `getTime()` kwa hesabu hii, kwa sababu saa ya kawaida ya simu inaweza kuwa imerekebishwa kwa mkono na ikakupa umri wa uongo, pengine hata chini ya sifuri.

```kotlin
private fun nuktaNiMbichi(): Boolean {
    val n = nuktaYaMwisho ?: return false
    val umri = (SystemClock.elapsedRealtimeNanos() -
                n.elapsedRealtimeNanos) / 1_000_000_000
    return umri <= 10 && n.accuracy <= 20f
}
```

Sekunde 10 na mita 20 ni viwango vya kuanzia kwa shamba lenye miti mikubwa. Mahali pa wazi simu nyingi zinafika mita 5 hivi, kwa hiyo mfundishe muandikishaji asimame ukingoni mwa shamba, panapoonekana mbingu, achukue nukta hapo. Elewa pia maana ya namba ya usahihi: mita 20 inasema kuna uwezekano wa asilimia 68 kuwa mtu yumo ndani ya duara la nusu kipenyo cha mita 20. Inatosha kutambua shamba. Kutambua mkarafuu mmoja na wa jirani yake haitoshi, na usimuahidi mtu hivyo.

Kitufe kisisubiri tangazo tu ndipo kijipime. Nukta inachakaa huku swichi imewaka, kwa hiyo weka saa ndogo inayoita `somaHali()` kila sekunde 2 wakati skrini iko mbele. Kisha pima tena ndani ya kitendo cha Hifadhi chenyewe, kwa sababu baina ya kitufe kuwaka na kidole kufika kuna nafasi.

Kuna kosa dogo linalofanana sana na lokesheni iliyozimwa. Ukiweka `setMinUpdateDistanceMeters(10f)` kwenye ombi lako, mtu aliyesimama hapati nukta mpya, kwa vile hajatembea mita 10. Umri unapanda, kitufe kinazimika, na anayesimama kimya kama ulivyomfundisha ndiye anayeadhibiwa. Weka sifuri, na muda wa milisekunde 2,000.

`onLocationAvailability`, inayosema kama nukta zinapatikana, itumie kama dokezo la kubadilisha maneno ya skrini tu. Ikisema false, haina maana kwamba mtu amezima. Inaweza kuwa majani tu.

Uokoaji chaji

Chaji ya simu ikishuka hadi asilimia 15, muandikishaji anawasha hali ya kuokoa chaji ili amalize siku. Kwenye baadhi ya simu, hali hiyo inazuia lokesheni skrini ikizimika. Swichi kuu inabaki imewaka, ruhusa ipo, na `PROVIDERS_CHANGED` haitumwi. Tangu Android 9 unaweza kuuliza: `PowerManager.getLocationPowerSaveMode()` inarudisha 0 ikiwa hakuna mabadiliko, na namba 1 hadi 4 kwa viwango mbalimbali vya kuzuia. Ongeza `ACTION_POWER_SAVE_MODE_CHANGED` kwenye `IntentFilter` ile ile ya juu. Kwa kuwa nukta yako inachukuliwa skrini ikiwa imewaka, hali hii haitaharibu rekodi. Itachelewesha nukta ya kwanza kila simu inapotolewa mfukoni. Ingekuwa programu ya kufuata njia ya mtu anapotembea, ungehitaji huduma ya mbele yenye arifa, iliyotangazwa kuwa ya aina ya `location`, na kwenye Android 14 ruhusa yake maalumu ya `FOREGROUND_SERVICE_LOCATION`. Usiiongeze bila sababu.

Kwa faida ya wasomaji wengine: kwenye iPhone, tangu iOS 14, mbinu moja ya `locationManagerDidChangeAuthorization` inaitwa ruhusa ikibadilika na usahihi ukibadilika, na pia mara tu unapomuumba msimamizi wa lokesheni. Swichi kuu ikizimwa hali inasomeka kama umekataliwa, kwa hiyo uliza `locationServicesEnabled()` ili utofautishe, na usiiite kwenye uzi mkuu wa skrini. Wanaotumia Flutter (zana ya kutengeneza programu za Android na iPhone kwa pamoja), kifurushi cha geolocator kina `getServiceStatusStream()`, lakini mkondo huo ni wa swichi kuu tu. Ruhusa na usahihi ni lazima muulize wenyewe programu inaporudi mbele, kwa `checkPermission()` na `getLocationAccuracy()`.

Kupima kabla ya kugawa simu

Fungua programu, vuta pazia, zima lokesheni, na uone kitufe kinazimika pazia likiwa bado halijafungwa. Kisha iweke programu nyuma, zima, rudi. Kisha iue ruhusa ukiwa na fomu iliyojazwa nusu. Kwa kompyuta iliyounganishwa na simu, amri ya `adb shell pm revoke` ikifuatiwa na jina la programu na `android.permission.ACCESS_FINE_LOCATION` inafanya hilo kwa sekunde moja, na `adb shell settings put secure location_mode 0` inazima swichi kuu, 3 inairudisha. Jaribio la mwisho lifanyike kwenye simu ya bei nafuu yenye Android ya 9 au 10, bila bando, chini ya mti. Emuleta ya mezani (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) haina majani juu yake.

Kwenye kila rekodi, hifadhi nukta pamoja na usahihi, umri wake kwa sekunde, na daraja ya ruhusa iliyokuwepo. Ni safu tatu za ziada kwenye jedwali.

Zile rekodi za zamani zisizo na safu hizo bado zinaweza kuchujwa. Zipange kwa latitudo na longitudo na utafute zinazolingana mpaka desimali ya saba. Desimali ya tano peke yake ni kama mita 1, na GPS ya simu hairudii namba kwa ukaribu huo hata ukisimama pale pale, kwa hiyo zinazolingana kabisa ni za kigeu kilichokwama. Zile za kukadiria zitafute kwa njia nyingine: mpe kila sheha orodha ya mashamba yaliyoandikwa kwenye shehia yake, na ya shehia zinazompakana, atie alama yasiyo yake. Katika yale 14, lenye saa ya mwanzo kabisa huenda nukta yake ni ya kweli, ila lihakiki kwenye picha ya setilaiti, maana nukta inaweza kuwa ilichukuliwa barabarani kabla ya kufika. Yale 13 yaliyobaki hayana nukta popote, si kwenye simu wala kwenye seva. Itabidi mtu arudi akasimame shambani.